Kwa Nini Hakumwambia?



Juma lililopita vijana wetu walituomba tukae nao jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, tutazame pamoja filamu ya Kimarekani waliyokuwa nayo kwenye kompyuta ya mmoja wao. Inaitwa Ready or Not, ya mwaka 2019, nayo iliongozwa na Matt Bettinelli-Olpin na Tyler Gillett. Tulikubali kwa kusitasita, kwa maana tuliambiwa kwamba inatisha na kuchekesha kwa wakati mmoja, nasi tulilelewa kuamini kwamba mambo hayo mawili hayapikwi katika chungu kimoja. Tuseme mapema, mzazi asije akatulaumu: hiyo si filamu ya watoto. Damu ni nyingi, na matusi ni mengi zaidi. Hata hivyo tulicheka, tena mahali pengine ambapo pengine padre hakupaswa kucheka.

Ilipokwisha, vijana walibishana kwa kelele juu ya nani alistahili kufa na nani hakustahili. Binti mmoja, ambaye matangazo yake ya ndoa yataanza kusomwa hivi karibuni, hakuingia katika mabishano hayo. Alisubiri wenzake watoke, akatuuliza: "Padre, kwa nini hakumwambia?" Tulimpa jibu la kupita njia. Tangu siku ile swali lake limekataa kuondoka mezani petu, na ndiyo sababu leo tunaiweka kando katekesi ya Sala ya Bwana.

Kwa wale ambao hawajaiona, kisa ni hiki. Grace, binti aliyelelewa katika nyumba za walezi, hana baba wala mama wa kumwita wake, anaolewa na Alex, kijana wa ukoo wa Le Domas. Ukoo huo ni tajiri kupindukia, na utajiri wake umetokana na karata na michezo ya mezani. Harusi inafanyika nyumbani kwao, katika jumba la kale lenye milango ya siri. Usiku wa manane bibi harusi anaambiwa kwamba kila anayeingia katika ukoo kwa ndoa hana budi kucheza mchezo mmoja. Anapewa kisanduku, anatoa kadi, na kadi ndiyo inayotaja mchezo. Wengine waliotangulia walibahatika: mke wa shemeji yake alipata sataranji, na mume wa wifi yake alipata mchezo wa karata. Grace anapata mchezo wa kujificha na kutafutana, ule ambao watoto wetu huucheza na kuuita kombolela. Anacheka, anakwenda kujificha akiwa na shela lake. Hajui kwamba kadi hiyo, peke yake kati ya zote, maana yake ni kifo. Wakwe zake wanagawana silaha za mababu, na wanatakiwa wamkamate na kumtoa sadaka kabla ya mapambazuko. Wasipofanya hivyo, wanaamini, watakufa wao.

Asili ya imani hiyo ni mkataba. Babu yao Victor, akiwa baharini, alikutana na mtu aitwaye Le Bail, ambaye alimpa kisanduku na kumwahidi utajiri kwa masharti. Msomaji mwenye jicho akizipanga upya herufi za jina hilo atapata Belial, yaani yule Beliari ambaye Mtume Paulo anamtaja katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Kwa Kiebrania neno hilo linabeba maana ya ubatili, ya kitu kisichofaa. Watunzi hawalifafanui fumbo hili kwa sauti. Wameliacha kama jiwe dogo ndani ya wali.

Vijana wengi waliona kwamba watu wa ukoo huo ni wendawazimu, basi. Sisi hatukubaliani nao. Ukitazama kwa utulivu, kila mmoja ana hesabu yake, na hesabu hizo zinaeleweka kiasi cha kutia hofu.

Chukua huyu Shangazi Helene, mwanamke mkali mwenye shoka, ambaye tangu mwanzo anamkodolea macho bibi harusi kama mwenye kinyongo naye. Miaka thelathini nyuma alikuwa bibi harusi yeye, na mumewe Charles ndiye aliyepata kadi ile ile. Waliomwinda na kumwua ni ndugu zake Helene. Tungetazamia kwamba mtu aliyeumizwa hivyo angekuwa wa kwanza kumfungulia Grace mlango. Kumbe ndiye mwenye bidii kuliko wote! Ilituchukua muda kuelewa. Kama mkataba ni wa kweli, basi Charles alikufa ili ukoo uishi, na kilio cha Helene kina maana. Kama ni hadithi tu ya mzee wa baharini, basi mumewe aliuawa bure, naye amekaa meza moja na wauaji kwa miaka thelathini akila chakula chao. Hawezi kuruhusu jambo hilo liwe kweli. Ndiyo maana jua linapochomoza, na kwa kitambo kidogo hakuna kinachotokea, wengine wanatazamana kwa aibu, lakini yeye anainua shoka amwendee Grace hivyo hivyo. Hapo ndipo anapopasuka, wa kwanza kati yao, na wengine wanamfuata. (Ndiyo, wanapasuka kama maputo. Hapo ndipo tulipocheka.)

Tumewahi kukutana na akina Helene, wala hawakuwa na shoka. Mama mkwe anayemtesa mkaza mwana kwa sababu naye aliteswa, akisema "ndivyo tulivyofundishwa sisi", mara nyingi hasukumwi na chuki. Anaogopa kukubali kwamba mateso yake hayakuwa na faida yoyote.

Katika jambo la sheria filamu hii ina utani mzuri. Mwanzoni Tony, baba mkwe, anashikilia mapokeo: kamera za ulinzi zisitumike, kwa kuwa enzi za babu hazikuwapo. Usiku unapoyoyoma na bibi harusi hajapatikana, kamera zinawashwa. Watumishi wa kike wanauawa kwa ajali mmoja baada ya mwingine, nao wenye nyumba wanalalamika kama watu waliomwagikiwa na mchuzi kwenye zulia. Mtoto mdogo anampiga Grace risasi ya mkono, na akiulizwa anasema alikuwa akifanya tu kile walichokuwa wakikifanya wakubwa. Katika nyumba nzima, anayeshika mkataba kama ulivyoandikwa ni Le Bail peke yake, ambaye mwishoni anaonekana kwenye kiti chake katikati ya moto, akimwinamishia Grace kichwa kwa adabu. Tuwe waangalifu hapa: Kanisa linafundisha kwamba Ibilisi ni baba wa uongo, nasi hatumtafutii sifa. Lakini inasikitisha kwamba ukoo umekaa naye muda mrefu hivyo hata ukampita kwa ujanja.

Tumrudie Alex, maana swali la binti yetu lilimhusu yeye. Alex si katili. Alikuwa amejitenga na ukoo wake, na usiku ule anajaribu kumsaidia mkewe atoroke. Alijua kuhusu kadi. Alijua tangu utoto, kwa maana usiku wa Charles alikuwa mle ndani, amefichwa kabatini na kaka yake. Utetezi wake ni kwamba angemwambia Grace ukweli, Grace angeondoka. Vijana kadhaa waliuona utetezi huo kuwa wa kimapenzi. Sisi tuliposikia maneno hayo tulihisi baridi mgongoni, kwani hakuna sentensi inayoeleza vizuri zaidi kwa nini alipaswa kumwambia. Anayeficha jambo kwa sababu likijulikana mwenzake atakataa, amekwisha kukubali kwa niaba yake.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinalitambua jambo hili katika kanuni ya 1098: mtu aliyedanganywa kwa hila ili ridhaa yake ipatikane, juu ya sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake yaweza kuvuruga vibaya maisha ya pamoja, hafungi ndoa halali. Hatudhani kwamba waliotunga kanuni hiyo walimfikiria bibi harusi anayewindwa kwa pinde na mashoka, lakini Grace angekuwa na shauri jepesi kabisa mbele ya mahakama ya jimbo.

Mapenzi ya Alex yanapimwa mwishoni, pale anapomkuta mama yake, Becky, ameuawa na Grace aliyekuwa akijitetea. Alex anamtazama mkewe, naye anamwona akirudi nyuma, na anatambua kwamba hata wakipona hatakuwa wake tena. Papo hapo anamshika na kuwaita wengine. Vijana walisema kwamba aligeuka. Kwa maoni yetu hakugeuka hata kidogo: alitaka Grace aishi kwa kadiri alivyokuwa wake.

Aliyegeuka ni Daniel, kaka yake, yule mlevi. Akiwa mtoto ndiye aliyepaza sauti na kumsaliti Charles. Akiwa mtu mzima anakunywa tangu asubuhi ya harusi, anamwonea huruma Grace, anamwachia muda kidogo akimbie, kisha anawaita wenzake. Baadaye anamkamata yeye mwenyewe. Huruma yake ni ya kweli, lakini inaishia kooni pamoja na pombe. Ni dakika za mwisho, kwenye ibada yao, ndipo anapotia sumu isiyoua katika kikombe chao na kumfungua Grace. Na mkewe, Charity, ambaye aliujua mkataba akaona heri kifo kuliko kurudi katika maisha yake ya zamani, anampiga risasi ya shingo. Katika kombolela yetu ya utotoni, aliyebaki mafichoni angeweza kutoka mbio akawakomboa waliokwisha kukamatwa. Daniel alitoka amechelewa mno, lakini alitoka.

Tumemsema Daniel kwa kirefu kwa sababu ambayo hatuna budi kuieleza.

Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa paroko msaidizi katika parokia nyingine, ilikuja kwetu familia moja yenye uwezo ili mtoto wao afungishwe ndoa. Ni familia iliyokuwa imelipia bati la kanisa, karibu nusu ya paa. Bibi harusi alitoka mbali, yatima, aliyesomeshwa na ndugu wa upande wa mama. Aliwapenda wale wakwe kupita kiasi. Alimwita mama mkwe "mama" bila kusita, na ungeona kwamba neno hilo lilikuwa jipya kinywani mwake. Matangazo yalisomwa Jumapili ya kwanza, yakasomwa ya pili. Kabla ya ya tatu, katekista alitufuata sakristia, akatuambia kwamba kijana huyo ana mwanamke na watoto wawili katika mji mwingine, na kwamba familia yote inajua.

Kanuni ya 1066 inataka ihakikishwe, kabla ya ndoa kuadhimishwa, kwamba hakuna kinachoizuia. Kanuni ya 1069 inawadai waamini wote watoe habari za vizuizi wanavyovijua. Katekista alitimiza wajibu wake. Sisi tulimwita baba wa kijana, akacheka, akasema, "Padre, hayo ni maneno ya watu." Tulijua si maneno ya watu. Tungeweza kuahirisha. Tungeweza kumwita yule binti peke yake na kumwuliza swali moja tu. Badala yake tulijiambia kwamba wageni wamekwisha kualikwa, kwamba kijana pengine ataacha, kwamba si busara kuvunja furaha ya watu kwa fununu. Na paa lilikuwa bado nusu. Jumapili ya tatu tulisoma majina yao kwa sauti, tukauliza kama kuna mwenye pingamizi, na tukangoja kwa kitambo kinachostahili, huku mwenye pingamizi akiwa ndiye ameshika karatasi.

Alirudi baada ya miaka miwili na nusu, na mtoto mgongoni. Hakuja kulia. Alikuwa ameambiwa kwamba ndoa yake yaweza kuchunguzwa jimboni, na alitaka kujua aanzie wapi. Tulimweleza utaratibu: barua, mashahidi, cheti cha ndoa, tarehe. Aliandika kila kitu katika daftari la shule. Alipomaliza alifunga kalamu yake, akauliza: "Na wewe, Padre, ulijua?"

Tulimwambia kwamba tulijua. Alitutazama kwa muda mrefu, akaomba maji ya mtoto, tukaenda kuyaleta wenyewe. Katika shauri lake jina letu liliandikwa miongoni mwa mashahidi.

Binti aliyetuuliza kuhusu Alex atakuja na mchumba wake Alhamisi kwa mafundisho. Tumewaomba waje pamoja, na baadaye kila mmoja aingie peke yake. Katekesi ya Sala ya Bwana itaendelea juma lijalo, Mungu akipenda; tuliishia kwenye ombi la mkate wa kila siku.