Nilifundishwa Kukata na Mitumba

Nilizaliwa Maswa, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Msimu wa mavuno ukifika, kazi yetu watoto ilikuwa kuchambua: pamba safi huku, pamba fifi kule, kabla baba hajaipeleka kwenye mzani wa chama cha ushirika. Pamba hiyo ilitulisha na kunisomesha hadi darasa la saba, lakini sikumbuki kuvaa utotoni nguo hata moja iliyojulikana kuwa imetoka katika pamba ya kwetu. Tulivaa mitumba. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, marobota yalifika mpaka kwenye magulio ya Usukumani, na mama akawa anatuchagulia magauni na masweta yaliyokwisha kuvaliwa na watoto wa nchi za mbali. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje kabla ya kusokotwa uzi. Inaondoka ghafi, na nguo zinarudi zikiwa zimechakaa. Jambo hilo liliniuma tangu nikiwa mdogo, na limeongoza kazi yangu yote.

Dar es Salaam nilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kumlelea shangazi watoto pale Magomeni. Watoto walipoanza shule, shangazi alinitafutia nafasi kwa fundi mmoja wa Kariakoo aliyekuwa ameweka cherehani zake kwenye baraza la duka la vitambaa. Alikuwa fundi hodari, mwenye wateja waliotoka mbali kumfuata. Kwake nilijifunza kupitisha uzi, kujaza bobini, kukanyaga cherehani bila gurudumu kurudi nyuma, kukunja pindo, kushona matundu ya vifungo kwa mkono, na kunyoosha kola kwa pasi ya mkaa bila kuangusha majivu. Nilivipenda vyote.

Kitu kimoja tu hakutufundisha, nacho ni kukata. Alikata usiku, sisi tukiwa tumeshaondoka. Asubuhi tulikuta vipande vimefungwa mafungu mafungu kwa utepe wa kitambaa: mbele, nyuma, mikono, kola. Kazi yetu ilikuwa kuviunganisha. Wapo vijana waliokaa pale miaka mingi, mshono wao umenyooka kama mstari wa rula, lakini ukiwapa kitambaa kizima cha shati hawajui waanzie wapi. Simlaumu mzee yule kwa roho mbaya. Alitoka katika desturi ya ufundi ambamo mwenye mkasi ndiye mwenye wateja, na akiuachia mkasi anaogopa wateja wataufuata. Ila niliona wazi kwamba anayeshona bila kujua kukata ana mikono ya kuajiriwa tu. Duka lake mwenyewe hawezi kulifungua.

Basi nikatafuta mwalimu mwingine. Siku za mapumziko nilikwenda Ilala, soko la mitumba la Karume, kutafuta nguo ambazo hakuna aliyezitaka: koti lenye doa, suruali iliyopasuka goti, gauni lililoliwa na jua bega moja. Wauzaji walinipa kwa bei ya kutupa. Nikifika nyumbani nachukua wembe, nafumua mshono mmoja mmoja bila kugusa kitambaa, napiga pasi kila kipande, nakilaza juu ya karatasi za mifuko ya saruji na kuchora ukingo wake. Kisha napima.

Koti ndilo lililonifumbua macho. Nilipima mzingo wa tundu la bega, halafu nikapima mkunjo wa juu wa mkono unaoingia mle. Mkono ulizidi tundu kwa inchi moja na zaidi. Nilipima tena, jibu likawa lile lile. Ndipo nikaelewa kwamba ile ziada inakusanywa kidogo kidogo kwa sindano, bila kuacha mikunjo, ili bega lipate uvimbe wake na mvaaji aweze kuinua mkono. Kwenye suruali niliona mkato wa katikati ya nyuma ni mrefu na umeingia ndani kuliko wa mbele, kwa sababu makalio yanahitaji nafasi mtu anapokaa. Kwenye gauni lililoanguka vizuri kuliko yote nililowahi kushika, niligundua kitambaa kimekatwa mshazari. Nyuzi za mtande, zinazokwenda na urefu wa jora, hazivutiki sana. Za mshindio huvutika kidogo. Lakini ukivuta kitambaa kwa mshazari kinanyooka na kufuata mwili. Hakuna aliyenieleza hayo kwa mdomo. Yaliandikwa ndani ya nguo, nami niliyasoma kwa wembe.

Mitumba ilinifundisha pia mahali ilipoishia. Patani zile, yaani michoro yake ya kukatia, zilichorwa kwa miili mingine. Mwanamke wa mtaani kwetu mwenye kiuno chembamba na nyonga pana akivaa sketi ya mtumba inayomtosha nyonga, kiunoni inaacha mwanya wa kuingiza ngumi. Hivyo nikaacha kufuata namba za lebo, nikawa napima kila mtu: kifua, kiuno, nyonga, mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni, na kina cha makalio mtu akiwa amekaa juu ya kiti. Tofauti ya nyonga na kiuno naigawa kwenye mibano ya nyuma na ya mbele, nyuma ikipata sehemu kubwa. Kanuni hiyo ndiyo iliyonipa jina. Watu walisema nguo za yule dada zinakaa.

Nilinunua cherehani ya Butterfly iliyotumika, nikahamia kwenye kibaraza cha Tandika. Kilichonipa chakula ni sare za shule kila Desemba na Januari, na sare za sendofu na harusi mwaka mzima. Kilichonipa furaha ni vitenge na khanga. Kitenge chenye maua makubwa hakikatwi ovyo. Kabla ya chaki kugusa kitambaa unaamua ua litakaa wapi kifuani na litakutana vipi na mwenzake mgongoni, la sivyo unamvisha mtu nusu ndege na nusu taa. Khanga inataka heshima zaidi, maana mchoro wake umekamilika tayari: ina pindo pande nne, ina mji katikati, ina jina. Mimi hulitumia pindo kama ukingo wa chini wa gauni au wa mikono, na jina siligusi kwa mkasi. Naliweka mgongoni au chini ya goti, lisomeke lote. Mishono hiyo niliibuni mwenyewe nikiwa nimekaa sakafuni, khanga imetandazwa mbele yangu, na bado ninaamini kwamba mbunifu mzuri kwanza anakisikiliza kitambaa.

Nilianza kufundisha kwa sababu ya binti wa jirani. Alikuwa ameacha shule kwa ujauzito, enzi ambazo shule za serikali hazikumrudisha msichana aliyejifungua. Alikuja na mtoto mgongoni, akasema, "Shikamoo, dada. Naomba nifagie hapa, nikikaa nitajifunza." Nikamwambia, "Marahaba. Ufagio upo pale, lakini njoo kwanza ushike mkasi." Alitetemeka. "Nikiharibu je, dada?" Nilimpa kipande cha marikani. "Hicho nimekinunua ili kiharibiwe. Kata."

Tangu siku ile mpangilio wangu ni huo. Wiki ya kwanza mwanafunzi anakata. Anaanza na magazeti, anakwenda kwenye karatasi ya saruji, anafika kwenye marikani. Kuendesha cherehani kunafuata baadaye, na kunakuja haraka kuliko watu wanavyodhani. Halafu kila mmoja anapewa mtumba wake wa kufumua. Anaufumua wote, anaupima, anauchora, kisha anaurekebisha ule mchoro umfae mtu halisi wa mtaani kwake. Hatamaliza mpaka mtu huyo avae, akae, ainame, anyooshe mikono juu, tuone nguo inasemaje.

Humo humo tunasoma hesabu. Mabinti wengi hunijia wakiamini kwamba vichwa vyao ni vizito. Nawapa tepu. Nyonga inchi arobaini, robo yake ngapi? Ongeza nusu ya kupumulia, ongeza robo tatu ya mshono. Baada ya muda anakuambia mwenyewe kwamba kola imezidi thumni moja, na ukipima unakuta amesema kweli. Uso wake siku hiyo ni malipo makubwa kwangu. Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shuleni, nilisimamisha darasa tukazungumza. Waliotaka kurudi niliwahimiza warudi, na nikawaambia mkasi utawasubiri. Waliobaki nawahimiza wakafanyiwe tathmini na VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ambayo ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili mikono yao iwe na karatasi ya kuisemea.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia, sendofu na harusi zikapungua na sare zikasimama. Wanafunzi wangu waligeukia barakoa za vitambaa. Barakoa ni kitu kidogo, lakini ina mkunjo wa pua na wa kidevu, na anayejua kukata huipata mara moja. Waliouza siku zile ni wale waliokwisha kuushika mkasi.

Watu huniuliza kama mitumba ni adui yetu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa taratibu. Rwanda ilipandisha ushuru, na mwaka 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya kuingia bila ushuru. Nilifuatilia habari hizo kwa makini, kwa sababu zilinihusu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, na kwa miaka mingi kilitengeneza khanga na vitenge vya kuvalisha nchi. Najua viwanda vya aina hiyo viliumia na nguo za marobota ni moja ya sababu. Lakini hata ukifunga bandari kesho, nguo haitajishona. Itahitaji watu wanaoweza kuangalia kitambaa kizima na mwili wa mtu, wakajua mkasi upite wapi. Watu hao hawatoshi, na hawatatosha maadamu mafundi tunakata usiku.

Kwa hiyo nasema na mafundi wenzangu, wa Kariakoo, wa Mwanza, wa Mombasa, popote mlipo. Wale niliowapa mkasi wamefungua vibaraza vyao, wengine mtaa huo huo wangu, na wateja wangu hawajapungua. Mteja anayetaka mkono wangu bado ananitafuta, na kazi ikinizidi ninajua wa kumpelekea. Kateni mchana, mbele ya wanafunzi wenu. Waelezeni kwa nini mnaongeza inchi hapa na kupunguza pale. Pamba tunailima wenyewe. Na siku kitambaa chake kitakapobaki nyumbani, kikute mikono inayojua kukikata.