Ukimya wa Abiria Kumi na Wanne

Nilikuwa nimeketi nyuma ya dereva siku matatu yetu ilipomgonga mchuuzi wa mayai katika Barabara ya Jogoo. Ilikuwa asubuhi, msongamano umeshika tangu Donholm, na kijana aliyekuwa usukanini alikwisha kuchoka kungoja. Aliiacha foleni, akapanda ukingo wa barabara, akaingia katika njia ya waendao kwa miguu huku akipiga honi kana kwamba wao ndio waliopotea. Mchuuzi yule nilimwona kwa mbali, ndoo ya mayai ya kuchemsha mkononi. Nilikuwa na wasaa wa kusema. Sikusema. Hakuna aliyesema. Mguu wake ulivunjika chini ya goti, mayai yakatawanyika mtaroni, nasi tukateremka mmoja mmoja kutafuta gari jingine, maana kila mtu alikuwa amechelewa.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Nimefunzwa balagha, nimefunzwa jazanda, na katika dakika ile nzima sikupata sentensi moja. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani, kwenye rafu za saikolojia ambazo si zangu, kutafuta ni njia ipi hasa humbadilisha mtu tabia.

Baba yangu analo jibu tayari: fimbo. Hukumbuka tarehe 1 Februari 2004, siku kanuni za John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa wahudumu, na abiria 14 bila wa kuning'inia. Magari yasiyotimiza masharti yaliondolewa barabarani na wakazi wa Eastlands wakatembea. Baba alitoka Umoja kwa miguu hadi kazini katika Eneo la Viwanda, wala hakunung'unika. Anasema baada ya hapo kila abiria alifunga mkanda, hata wa kiti cha nyuma kabisa. Ninamsadiki. Lakini mikanda niliyoikuta mimi ni vipande vya utambaa visivyo na vifungo, na mnamo Novemba 2018 serikali ilipoamuru kanuni zile zile zifuatwe upya, watu walitembea tena. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alishikilia kwamba adhabu huizima tabia kwa muda tu. Mchapaji akigeuka, tabia hurudi. Nilipomweleza baba hayo alinijibu kwamba basi mchapaji asigeuke. Jibu lake si la kupuuzwa, ila serikali nayo ina shingo, na shingo hugeuka.

Skinner alipendelea tuzo kuliko adhabu. Hapa nilitabasamu, kwa sababu tuzo imo tayari ndani ya matatu. Dereva hutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, na kinachozidi ni chake na makanga wake. Kila safari ya ziada ni unga nyumbani. Aliyepanda ukingo wa barabara asubuhi ile alikuwa mwanafunzi hodari wa mafunzo hayo.

Ukurasa uliozidi kunichoma ulinihusu mimi, wala si dereva. Mwaka 1968 Bibb Latané na John Darley walichapisha matokeo ya jaribio rahisi. Mtu aliketishwa chumbani ajaze fomu, kisha moshi ukaanza kupenya ukutani. Waliokuwa peke yao, 75 kati ya kila 100 walitoka kutoa taarifa. Waliowekwa na wenzao wawili walioagizwa kujifanya hawaoni kitu, ni 10 tu kati ya 100 waliotoka. Kila mmoja huusoma uso wa mwenzake, na uso uliotulia humwambia kwamba hapana hatari. Ndani ya matatu hata uso haupatikani. Sisi kumi na wanne tulikuwa tukisomana visogo.

Wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, waliujaribu ukimya huo humu humu Kenya. Katika utafiti wa kwanza, uliochapishwa mwaka 2011, walihusisha matatu zaidi ya 2,000 za safari ndefu. Baadhi, zilizoteuliwa kwa bahati, zilibandikwa maneno ya kuwahimiza abiria wamkanye dereva mzembe, na bahati nasibu ya kila wiki ikawashawishi madereva wasivibandue vibandiko. Madai ya bima yalipungua kwa nusu hadi thuluthi mbili. Utafiti wa pili, wa mwaka 2015, ulihusu magari 12,000, na madai yakapungua kwa robo hadi thuluthi. Maneno yaliyowataka abiria waungane ndiyo yaliyofaulu zaidi. Tazama basi: tuzo haikuachwa, bali ilipewa kazi ndogo ya kukilinda kibandiko. Kazi kubwa ilifanywa na ruhusa ya kusema.

Neno lililobebwa na kampeni hiyo ni "Zusha!" Hapa wahadhiri wangu huenda wakakunja nyuso. Katika Kiswahili sanifu mzushi ni mtunga uongo, na katika dini uzushi ni jambo zito. Lakini mitaani kwetu kuzusha ni kulalamika kwa kelele bila kujali nani anatazama. Ningeulizwa mimi ningependekeza "kemea", na ningekosea. Kukemea ni haki ya mkubwa kwa mdogo, na abiria hana ukubwa wowote mbele ya dereva. Kuzusha hakuhitaji cheo.

Hata hivyo nina shaka moja. Abiria wa Nakuru hukaa pamoja saa mbili au zaidi, wakawa kama ukoo. Wa Umoja hupanda na kushuka kila kituo, muziki ukivuma, na makanga ni mtoto wa jirani.

Jioni moja tukitoka Muthurwa, dereva aliiacha foleni karibu na pale pale, upande wa pili wa barabara. Nikasema, "Dere, tafadhali rudi barabarani." Sauti ilinikwama kwenye neno la pili. Makanga alicheka, akaniambia anayeogopa ashuke. Kimya kikatanda, nami nikaanza kukihesabu. Kisha mama mmoja aliyepakata gunia la sukumawiki akasema, "Hashuki mtu hapa. Rudi barabarani, kijana, nina watoto mimi." Mwingine akadakia nyuma, na mwingine tena. Dereva alisonya, akarudi foleni.

Ilituchukua dakika arobaini kufika Donholm. Mzee aliyeketi kando yangu, ambaye hakuwa amefungua kinywa, alinilaumu njia nzima kwamba nimemchelewesha.