Faili ipo, kompyuta yasema haipo

Kazi yangu ni kuandika mistari ambayo mwalimu haioni: skripti inayoanzisha programu anapobonyeza picha yake kwenye skrini. Naifanyia nyumbani Mkomani, mjini Lamu. Kompyuta ninazohudumia ni za msaada kwa shule, na kila moja imekuja na namna yake: hii Ubuntu, ile Debian, nyingine Raspberry Pi. Zikiwa tayari hupakiwa botini kwenda Faza, kisiwani Pate, kupitia mlango wa bahari wa Mkanda, na Mkanda hupitika maji yakijaa. Skripti ikigoma huko, kuirekebisha ni nauli na siku nzima, na watoto wamekaa bila vitabu.

Mwanzoni niliandika #!/bin/sh juu ya skripti, yaani isomwe na programu iitwayo sh, kisha ndani nikatumia mabano ya bash, [[ na ]]. Kwenye laptopu yangu ya Fedora mambo yalikwenda, kwa sababu huko sh ni bash yenyewe. Kwenye Ubuntu tangu 2006, na Debian tangu 2011, sh ni dash: nyepesi, yenye kasi, lakini haiyajui mabano hayo. Lililoniumiza ni kwamba dash haisimami hapo. Hulalamika, hulihesabu sharti kuwa halikutimia, kisha hushika njia ya pili. Mwalimu haoni lalamiko, maana hakuna teminali iliyofunguka. Tangu hapo naandika yaliyomo katika POSIX tu, kanuni ambazo bash na dash zote huzielewa, na jaribio la kwanza nalifanya kwa dash.

Walimu nao huzipa folda majina kamili: Vitabu vya Darasa la Nne. Ni haki yao. Skripti iliyoandikwa $folda bila alama za kunukuu huona hapo vitu vitano. Sikubali kumwambia mtu abadilishe jina la folda yake. Kuandika "$folda" ni wajibu wangu mimi.

Hapa kwetu mgeni hukaa dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, mpaka akaribishwe ndani. Skripti nayo yapaswa kuuliza kwanza, na ijue kuuliza. Mimi niliuliza kwa uname -m ili ichague programu inayolingana na mashine. Raspberry Pi moja ikajibu aarch64, yaani biti 64. Skripti ikaiita programu ya biti 64, na jibu likawa: faili haipatikani. Nikatazama, faili ipo. Nikaangalia ruhusa, sawa. Nikainakili upya mara tatu. Usiku wa pili ndipo nilipoelewa. Uname hueleza kiini cha mfumo (kernel), na kiini kilikuwa cha biti 64 kweli, lakini vyote vilivyowekwa juu yake vilikuwa vya biti 32. Kilichokosekana ni kipakiaji ambacho programu hukihitaji kabla haijaanza, na kompyuta hutoa ujumbe uleule kwa faili isiyokuwepo na kwa faili iliyokosa kipakiaji chake. Sasa nauliza pia getconf LONG_BIT. Ikisema 32, naiamini kuliko uname.

Ujumbe ule ulinifikirisha jambo jingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na wakati huo wengi walidhani kompyuta haiwezi lugha yetu. Mimi, miaka mingi baadaye, nilikuwa bado namwachia mwalimu wa Faza makosa ya Kiingereza, tena pasipoonekana. Nikayaandika upya yote kwa Kiswahili, yafunguke katika kidirisha mbele yake, na kila moja liseme la kufanya.

Juzi mwalimu mmoja alinipigia simu akanisomea: «Faili ya vitabu haipo. Chomeka flashi ya kijani, kisha bonyeza tena.» Alikuwa ameshaichomeka, na vitabu vimefunguka. Alitaka kujua kama flashi ile ina nafasi ya kuongeza vya darasa la tano.