Lushoto, Ukungu na Gari Lililogoma Kuwaka

Hivi umeshawahi kukaa garini na mwenzio, stata inazunguka, injini haiwaki, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aseme kitu? Basi karibu Lushoto, Jumapili asubuhi, saa moja na nusu, mvua imenyesha usiku kucha na ukungu umelala juu ya boneti kama paka.

Tulitoka Dar Ijumaa alfajiri, mimi na mume wangu, tukijipa wikiendi ya wawili baada ya miezi ya kazi, foleni na kulala kama mizigo. Usafiri wetu ni Corolla ya 1994, aliyoinunua kabla hatujafahamiana. Ndiyo, ya 1994! Nimeshasema sana iuzwe, nikaambiwa gari hilo linatunzwa. Mwezi Februari niliambiwa hata kifuniko cha distribyuta na waya za plagi vimebadilishwa, laki moja na nusu imetoka. Nikakaa kimya.

Safari yenyewe tamu, tusidanganyane. Chalinze, Segera, halafu Korogwe na mashamba yake ya mkonge, zao alilolileta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ukifika Mombo, ukiwa bado unajifuta jasho, unakata kulia na kuanza kupanda. Ni kilomita zisizozidi 35 mpaka Lushoto mjini, lakini kona zake! Upande mmoja mlima, upande wa pili bonde, na watoto wanauza karoti zenye majani yake. Ukifika Soni unaona maporomoko ya maji palepale barabarani, na ubaridi unaanza kuingia dirishani. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, wakaja kulikimbia joto la pwani, na kwa hilo siwalaumu.

Pale Soni gari lilikohoa mara mbili. Nilimtazama mume wangu. Akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi ilikuwa yetu. Tulitembea kwa miguu hadi Irente, kwenye ule ukingo wa mwamba ambapo ardhi inakatika ghafla na mamia ya mita chini unaona nyanda za Mazinde na Mombo, nyumba kama punje za mchele. Kama una mchumba na kuna jambo unataka kumwambia, mpeleke pale. Sisi tulikaa saa nzima, ameniwekea koti lake mabegani, na nikaamini hakuna kilichobaki cha kuambiana.

Haya, turudi Jumapili. Jumatatu saa mbili asubuhi nilitakiwa kwenye usaili wa kazi niliyoiomba miezi minne. Mume wangu akapiga stata. Inazunguka vizuri kabisa, wuu-wuu-wuu, lakini injini haishiki. Akapiga tena. Na tena.

"Betri," akasema.

Jamani, kila anayepita akasema betri. Vijana wanne wakajitolea kusukuma. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wa nyumba ya wageni, dereva mstaafu wa malori, akaweka ufagio chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Acheni kwanza hiyo funguo, mtaimaliza betri nzima isiyo na kosa."

Nisikilize hapa msomaji wangu, hili litakufaa siku moja. Betri ikiwa imekufa, stata haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, au inagonga tu tik-tik-tik. Ikizunguka kwa nguvu zake za kila siku, betri imeshafanya kazi yake. Kusukuma nako hakusaidii, kwa sababu anayesukuma anaizungusha tu injini, na stata imeshaizungusha. Kwenye mteremko wa Lushoto ni kutafuta msiba bure. Na usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, iache ipumzike.

Injini ya petroli, alisema mzee, inadai mafuta, hewa na moto, na moto uje kwa wakati wake. Ikikosa kimoja itazunguka mpaka kesho. Aliuliza kwanza kama stata inazunguka kwa wepesi kuliko kawaida, maana hapo angeshuku mkanda wa taimingi umekatika. Hapana. Akauliza kama taa ya injini inawaka swichi ikifunguliwa. Inawaka, kwa hiyo umeme unafika. Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Kabla ya kulala, lilionyesha dalili gani?"

Tukajibu kwa pamoja. Mume wangu: "Hamna." Mimi: "Lilikohoa Soni."

Kazi hii inataka watu wawili, hiyo ndiyo raha yake na ndiyo karaha yake. Mimi nikakaa kwenye usukani, yeye na mzee wakainama mbele. Mzee alichomoa waya mmoja wa plagi, akauchomeka kwenye plagi kuukuu aliyoitoa mfukoni, akaibana kwa koleo lenye mpini wa mpira, chuma cha plagi kikigusa chuma cha injini. "Piga, mama." Nikapiga. Hakuna cheche. Waya mwingine: cheche moja ya njano, dhaifu, ikapotea. Cheche nzuri ni ya bluu na inapiga kwa sauti. (Usijaribu kushika kwa mkono mtupu, wala palipo na petroli iliyomwagika.)

Wakafungua plagi moja ya injini. Ilitoka imelowa, inanuka petroli. Mafuta yanafika, pampu haina kosa. Ingetoka kavu, tungefuata njia ya mafuta: fyuzi, rilei, pampu, filta. Kuna gari ambazo ukifungua swichi unaisikia pampu ikinguruma kidogo, lakini Toyota nyingi za umri wa hili letu pampu huamka pale unapopiga stata tu, kwa hiyo ukimya wake usikutie hofu.

"Moto unapotea njiani," mzee akasema, akachukua bisibisi na kufungua kifuniko cha distribyuta.

Ndani kulikuwa na matone ya maji kama jasho. Vinundu vya chuma vimeota ukoko mweupe. Na kwenye plastiki, mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, njia ambayo umeme ulijichimbia miaka na miaka ukikimbia badala ya kwenda kwenye plagi. Unyevu wa usiku ulimalizia tu.

"Mwanangu, hiki hakijabadilishwa tangu kije nchini," mzee akasema. Hakujua amesema nini.

Mume wangu alikitazama kile kifuniko muda mrefu. Mimi nilimtazama yeye.

Mzee alikifuta kwa kitambaa kikavu, akakikwangua taratibu, akakiweka karibu na jiko la mkaa la jikoni, si juu yake, karibu tu. Plagi nazo zikafutwa, zikakaushwa. Nusu saa nzima hatukusemeshana. Kilipofungwa nikapiga stata, likakohoa, likatoa moshi, likawaka. Vijana wakapiga makofi. Mzee akakataa hela mara mbili, ya tatu akapokea.

"Hii ni ya kuwafikisha," akaonya. "Ukungu ukirudi, nalo litarudi. Nunueni kipya, na rota yake."

Tuliteremka polepole. Soni mume wangu akaegesha pembeni, maji yanaporomoka, akasema ile laki moja na nusu ilikwenda kwenye ada ya chuo ya mdogo wake. Aliona nitakataa. Nikamwambia pengine ningekataa kweli. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nalipita lori kwenye kona, mara ngapi, ndani ya gari nililoambiwa ni zima?

Hakujibu. Korogwe tulipata kifuniko na rota, si vipya lakini vizima, akavifunga mwenyewe huku nikimmulikia kwa simu. Kile cha zamani nikakiweka kwenye pochi yangu. Redio tuliizima, tukaongea habari ya ada ya shemeji mpaka Chalinze, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye usaili.