Piki yetu haikuwa na mashetani

Wandugu wa Nakivale, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, wiki iliyopita mwenzetu aliandika juu ya kilimo cha mboga. Mimi sina shamba, nina waya. Acha niongee juu ya waya, maana hapa settlement piki nyingi zinauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya kitu ambacho dawa yake ni sandpepa na tepu.

Kikundi chetu tuko watano, wote wa kujitolea. Tulichanga miezi mingi, tukanunua Bajaj Boxer iliyotumika kwa shilingi 1,400,000. Boxer kila mtu anaijua, ndiyo boda ya Uganda nzima, spea zake ziko hadi kwenye vibanda vya soko. Yetu ilikuwa imefanya kazi ya boda mjini kabla. Mwenye zamani alikuwa mtu wa raha: aliongeza taa mbili za LED mbele, redio, na sehemu ya kuchajia simu. Kila kitu alikiunga juu ya kingine kwa kusokota waya na vidole. Sasa sisi piki tunaitumia kutembelea wazee wasioweza kufika kwenye mgao, kupeleka ujumbe vijijini, na siku za soko mmoja wetu anabeba abiria ili tupate pesa ya mafuta. Ikilala, kazi nzima inalala.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Mara inazima yenyewe ukiwa barabarani, halafu baada ya dakika tano inawaka kama hakuna kilichotokea. Honi inalia asubuhi, jioni inakoroma. Stata ya kubonyeza ilishakufa, tunapiga kiki tu. Na balbu ya taa kubwa ilikuwa inaungua ovyo, mwezi mmoja tulinunua tatu. Mafundi walitupa majibu mengi. Mmoja akasema betri. Mwingine akasema CDI, kile kisanduku cheusi kinachoamuru plagi ipige moto. Wa tatu alitaka abadilishe betri, koili na CDI pamoja, 190,000, na hakuwa amegusa hata waya mmoja. Mzee jirani yangu akamaliza kabisa: "Kijana, hii piki iko na mashetani, uza."

Tungecheka, lakini usiku mmoja haikuwa kitu cha kucheka. Mama mmoja upande wa Juru alipiga simu, mtoto wake ana homa kali na ameanza kushtuka-shtuka. Nilimbeba mama na mtoto. Tulipofika kwenye kona inayoshuka, injini ikazima na taa ikazima hapo hapo, giza kabisa, na barabara yetu mnaijua ilivyo na mashimo. Nilisimamisha kwa miguu. Nilipiga kiki mpaka jasho likatoka, kimya. Tulitembea, mama amebeba mtoto mgongoni, mimi nasukuma piki kwa mkono mmoja na simu ya tochi mkono mwingine. Mtoto alifika, akawekewa dripu, sasa anakimbia. Lakini yule mama njia nzima hakusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kesho yake kikundi kilikaa. Watatu walitaka tuiuze hata kwa laki saba. Niliomba wiki mbili. Wakakubali, wakanipa 80,000 niende Mbarara kununua regyuleta, maana tulishaambiwa na mtu mwingine kwamba regyuleta ndiyo inaunguza balbu.

Kutoka kwetu hadi Mbarara ni kama kilomita 60, vumbi kwanza, halafu lami ya Isingiro. Nilienda na taksi. Pale mjini niliingia duka moja dogo la spea, muzee wa Kinyankole yuko kwenye kiti, Kiswahili chake cha zamani lakini safi. Nikamwambia, "Sebo, naomba regyuleta ya Boxer." Akaniangalia. "Umepima?" Nikasema kule kwetu hatuna cha kupimia. Akasema basi hataniuzia, kwa sababu kitu cha umeme kikishafungwa hakirudi dukani, na kesho nitakuja kumlilia. Badala yake akaniuzia multimita ya 25,000, fyuzi tano na kikebe chake, mita mbili za waya na tepu. Alinionyesha namna ya kuitumia kwenye piki iliyokuwa imesimama mbele ya duka, kama nusu saa, bure. Wafanyabiashara wa hivyo wapo, wandugu, ni wachache lakini wapo.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye faida.

Multimita unaiweka kwenye volti za DC, alama ya 20. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Piki ikiwa imezimwa na imepumzika, betri nzima ya asidi ya volti 12 inasoma kama 12.6. Ikisoma chini ya 12, ina njaa. Ya kwetu ilisoma 11.9. Hapo fundi wa kawaida anasema nunua betri mpya. Subiri. Washa injini, vuta mafuta kidogo, angalia tena. Kama mfumo wa kuchaji unafanya kazi, namba inapanda, inaenda 13 na nusu mpaka 14 na kitu. Ikipita 15, regyuleta haizuii tena, inachemsha betri. Ya kwetu ilibaki 11.9, haikupanda hata kidogo. Maana yake betri haikuwa mgonjwa, ilikuwa haili. Ukiweka betri mpya pale, nayo itakufa kwa njaa baada ya wiki.

Kabla ya kulaumu regyuleta, muzee aliniambia nitafute athi, ule waya unaofungwa kwenye chasisi ili umeme upate njia ya kurudi. Niliufuata. Bolti yake ilikuwa na kutu, rangi na matope yaliyokauka ya msimu mzima wa mvua. Nilifungua, nikasugua kwa sandpepa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Nikawasha. 13.9! Niliita watu waje waone namba. Hakuna aliyeelewa kwa nini nafurahi.

Na athi hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inaua balbu. Kwenye piki kama yetu taa kubwa haili kutoka betri, inakula moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneto, ndiyo maana ukivuta mafuta inang'aa na ukiachia inafifia. Regyuleta inazuia umeme usizidi, lakini bila athi haina nguvu ya kuzuia. Ukikimbia, volti zinapanda, balbu inakufa. Tulinunua balbu tatu kwa sababu ya bolti moja.

Bado kulikuwa na lile la kuzima. Fikirini pamoja nami: piki hii inawaka kwa kiki hata ukitoa betri, nilijaribu. Kwa hiyo moto wa plagi unatoka magneto, hautoki betri. Basi betri kuwa na njaa haiwezi kuzima injini. Na ule usiku taa ilizima kwa sababu injini ilizima, kwani zinakula sahani moja. Lazima kuna kitu kinachokata moto wa plagi. Na ilizima kwenye kona.

Nikaiwasha imesimama, nikageuza usukani polepole kushoto. Ikazima. Nikarudisha katikati, ikawaka. Kushoto tena, ikazima. Kwenye piki za aina hii kuna waya mmoja unaotoka CDI kwenda kwenye swichi ya ufunguo. Ukizima ufunguo, waya huo unagusishwa chasisi, moto wa plagi unakatika. Niliuchomoa kwenye plagi yake, nikawasha, nikageuza kushoto, kulia, kushoto. Haikuzima. (Ukifanya hivi, ujue ufunguo nao hautazima tena. Mimi niliizima kwa kuweka gia huku nimeshika breki.) Nikafungua shingo ya piki, pale usukani unapogeukia. Ganda la waya lilikuwa limeliwa na chuma, shaba iko wazi kama sentimita moja. Kila kona ya kushoto ulikuwa unabusu chasisi. CDI ya watu ilikuwa nzima siku zote.

Niliukata ule mfupa mbovu, nikaunga waya mpya, nikauchoma kwa risasi kwa rafiki anayetengeneza simu, nikafunga tepu na kuuacha mrefu kidogo ili usivutike. Rangi za waya msiziamini kwenye piki ya mtumba, aliyetangulia alitumia waya aliopata. Fuateni kwa mkono.

Kitu kingine kilichoniogopesha: mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Umeme ukizidi, karatasi hiyo haiungui kwa wakati, ni waya ndio unaungua, na tanki la petroli liko hapo juu yake. Niliweka fyuzi ya kweli, ya 10. Zile LED na redio nilizitoa zote. Magneto ya Boxer ni ndogo, haikutengenezwa kwa disko. Mwenzetu mmoja alinuna kwa ajili ya redio, bado ananuna.

Jumla tulitumia kama 45,000 pamoja na nauli, na multimita imebaki. Hapa nawaambia ndugu wa mashirika: mnapowapa vijana piki za kuanzia kazi, mnatoa helmeti na jaketi, ni vizuri. Ongezeni multimita moja kwa kila kikundi na siku moja ya kufundisha. Bei yake haifiki hata ya jaketi.

Tangu mwezi wa tatu piki imeenda usiku mara sita, haijazima. Stata ya kubonyeza bado inasumbua, inabonyezeka mara moja halafu inagoma. Nashuku swichi yake lakini sijaifungua. Anayeijua hiyo aandike hapa chini. Na multimita iko kwangu, yeyote aje kuazima, ila mlioichukua wiki jana mumerudisha bila ile betri yake ya volti 9. Naiomba.