Majumba ya Makabaila wa Vienna

Mgeni afikaye Vienna, mji mkuu wa Austria, hustaajabu kuona mji mkubwa namna ile katika nchi ndogo. Austria ina watu milioni 9 hivi, na zaidi ya mmoja katika kila watano hukaa Vienna. Sababu yake ni kwamba mji huo ulijengwa uwe kiti cha dola ya ukoo wa Habsburg, ambayo mwaka 1914 ilikuwa na watu zaidi ya milioni 50: Wajerumani, Wahungari, Wacheki, Wapolandi, Wakroati na wengineo. Dola hiyo ilivunjika mwaka 1918. Makaisari wamekwisha na majimbo yamekwenda zake, lakini majumba yamebaki.

Wageni wengi hukimbilia kwanza Schönbrunn, jumba la makaisari la wakati wa kiangazi, lenye vyumba 1,441. Hapana ubaya. Lakini atakaye kujua dola ile iliendeshwaje, na atembee kwa miguu katika mji wa kale, atazame majumba ya makabaila waliokuwa majemadari, mawaziri na mabalozi wa Kaisari. Njia moja huko yaitwa Herrengasse, maana yake Njia ya Mabwana, na jina hilo halidanganyi. Nyumba zimesongamana pande zote mbili, kila moja ina mlango mkubwa wa kupitisha gari la farasi, na juu ya mlango ngao ya ukoo iliyochongwa kwa jiwe.

Majumba mengi ya namna hiyo yalijengwa baada ya mwaka 1683. Mwaka huo jeshi la Waturuki liliuzingira mji muda wa miezi miwili, nalo likashindwa tarehe 12 Septemba. Hofu ilipoondoka, kila kabaila alitaka nyumba karibu na Kaisari, maana vyeo vilitolewa hapo, na aliyekaa mbali alisahauliwa. Basi wakashindana kwa majumba kama wengine wanavyoshindana kwa ng'ombe.

Mahali paitwapo Freyung pana jumba la Kinsky, lililojengwa kati ya mwaka 1713 na 1719 na fundi mkuu Johann Lukas von Hildebrandt kwa ajili ya jemadari Daun. Kiwanja chake ni chembamba, lakini fundi aliweka akili yake yote katika ngazi. Mtu apandapo huona sanamu za watoto wa mawe wakicheza juu ya ukingo, na dari ya juu imepakwa picha za mawingu na mbingu, hata akadhani jumba halina mwisho. Siku hizi humo hufanyika mnada wa picha na vitu vya kale. Cheo cha ukabaila kilifutwa kwa sheria katika nchi ya Austria mwaka 1919, na tangu hapo hakuna raia awezaye kujiita kwa sheria mwana wa mfalme wala lodi, ijapokuwa mali wengi wao waliruhusiwa kubaki nayo.

Lakini mkulima aonapo ngazi ile huuliza swali lake mwenyewe: nani alilipa? Swali hilo lina jibu. Fedha zilitoka katika mashamba makubwa ya Bohemia, Moravia na Hungari, ambako watu wa vijijini walikuwa wamefungwa katika ardhi ya bwana. Mkulima hakuweza kuhama, wala kuoa, wala kumtia mwanawe katika kazi ya ufundi bila ruhusa ya bwana. Tena alidaiwa shokoa, iitwayo kwa Kicheki robota: alikwenda na wanyama wake kulima shamba la bwana kabla hajaligusa lake. Mwaka 1775, baada ya wakulima wa Bohemia kufanya maasi, Malkia Maria Theresa alitoa amri kwamba shokoa hiyo isipite siku tatu kwa juma. Msomaji na afikiri maana yake, kwamba siku tatu kwa juma zilihesabiwa kuwa ni huruma! Mwanawe, Kaisari Joseph wa Pili, alifungua kifungo cha kuoa na kuhama huko Bohemia mwaka 1781, na shokoa yenyewe ilifutwa mwaka 1848. Neno robota ndilo lililotoa neno robo­ti, ambalo dunia nzima hulitumia kwa mashine ifanyayo kazi ya mtu.

Hata hivyo si haki kusema kwamba makabaila wote walitumia fedha kwa ngazi na farasi tu. Karibu na jumba la Kaisari liko jumba la Lobkowitz, ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho ya michezo ya kuigiza. Katika ukumbi wake mwaka 1804 wapigaji muziki wa kabaila huyo walipiga kwa mara ya kwanza, mbele ya wageni wachache, muziki mkubwa wa tatu wa Beethoven. Mwaka 1809 makabaila watatu walifanya mapatano ya kumlipa Beethoven gulden 4,000 kila mwaka ili asihame Vienna: Rudolph, ndugu yake Kaisari, 1,500, Kinsky 1,800, na Lobkowitz 700. Makarani wataelewa yaliyofuata. Mwaka 1811 fedha ya nchi ilianguka thamani, Kinsky akaanguka kutoka juu ya farasi akafa mwaka 1812, Lobkowitz akaishiwa, na yule fundi wa muziki akawa mtu wa kudai mshahara wake mbele ya mawakili.

Ukoo uliokuwa tajiri kupita wengi ni wa Liechtenstein, ambao mpaka leo unatawala nchi ndogo yenye jina hilo. Una majumba mawili mjini Vienna: moja katika njia ya Bankgasse, na jingine nje ya mji wa kale, mahali paitwapo Rossau, ndani ya bustani. Hilo la bustani lilianza kujengwa miaka ya 1690. Dari ya ukumbi wake mkubwa ilipakwa picha na Andrea Pozzo, mtawa wa shirika la Yesu, kuonyesha kazi za shujaa Hercules. Mgeni huingizwa pamoja na kiongozi kwa siku zilizowekwa. Chini, karibu na mlango, huonyeshwa gari la farasi lililopakwa dhahabu, lililotengenezwa Paris mwaka 1738 kwa Joseph Wenzel wa Liechtenstein alipokuwa balozi wa Kaisari huko Ufaransa.

Katika nyumba ya Joseph Wenzel huyo alikaa Mwafrika. Jina lake lilikuwa Angelo Soliman. Alizaliwa Afrika karibu na mwaka 1721, akachukuliwa mtumwa angali mtoto, akafikishwa Messina katika kisiwa cha Sisilia, na huko akabatizwa. Kisha akatolewa kama zawadi kwa mtu mmoja wa ukoo wa Lobkowitz, na baadaye akapata kuwa wa Liechtenstein. Alifuatana na bwana wake vitani na safarini. Alijifunza lugha kadhaa za Ulaya, akawa hodari wa sataranji, na watu wenye elimu walipenda kuzungumza naye. Lakini kwa bwana wake alikuwa pia pambo la nyumba, kama lile gari la dhahabu. Mwaka 1768 alioa kwa siri mjane jina lake Magdalena. Habari zilipofika kwa bwana alifukuzwa kazi, kwa kuwa mtumishi hakuoa bila idhini. Mkulima wa Moravia na Mwafrika wa Vienna walikuwa chini ya kanuni moja.

Aliishi na mkewe na binti yao Josephine katika nyumba yenye bustani, na mwaka 1773 mrithi wa Joseph Wenzel alimrudisha kazini. Alipokelewa katika chama cha Wamasoni cha Maelewano ya Kweli, ambacho Haydn, fundi mashuhuri wa muziki, naye alikiingia mwaka 1785. Alikufa tarehe 21 Novemba 1796.

Yaliyofuata ni aibu ya dola ile. Kwa idhini ya Kaisari Franz, maiti ya Soliman ilichunwa ngozi, ngozi ikavishwa juu ya umbo la mti, ikapambwa kwa manyoya ya ndege na ushanga, ikawekwa katika nyumba ya Kaisari ya kuonyesha wanyama na ndege, karibu na maktaba yake. Mtu aliyefunga ndoa kanisani na kujadiliana na wanavyuoni aliwekwa kati ya wanyama kana kwamba ametoka msituni jana. Josephine aliomba apewe baba yake amzike, na wakuu wa kanisa walimwunga mkono. Hawakusikilizwa. Mabaki hayo yaliteketea mwezi wa Oktoba 1848, majeshi ya Kaisari yalipoupiga mji mizinga ili kuzima maasi. Mwaka huo huo ndio uliokomesha shokoa.

Maktaba hiyo ni sehemu ya Hofburg, jumba la majira ya baridi la makaisari, nayo ni nzuri kupita kiasi. Asiyeingia humo amejinyima. Hapo Hofburg msomaji wa Kenya ana jambo lake. Mwana wa pekee wa Kaisari Franz Joseph aliitwa Rudolf. Mwaka 1888 kabaila wa Kihungari, Samuel Teleki, aliyesafiri pamoja na Ludwig von Höhnel, alifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini ya Kenya, akaliita kwa jina la Rudolf, ingawa wenyeji walioishi kando yake walikuwa na majina yao. Mwaka uliofuata Rudolf alijiua kwa bastola. Hakuliona ziwa hilo kamwe. Jina lake lilikaa katika ramani mpaka mwaka 1975, lilipobadilishwa kuwa Turkana.

Gari la tramu lenye alama ya D hutoka upande wa Rossau, likazunguka mji wa kale, likafika Belvedere. Majumba yake mawili, la chini na la juu, yalijengwa na Hildebrandt yule yule kwa jemadari Eugene wa Savoy, na la juu lilimalizika mwaka 1723. Eugene alizaliwa Paris. Mfalme wa Ufaransa alikataa kumpa kazi ya jeshi, naye akaenda kumtumikia Kaisari, akawashinda Waturuki na Wafaransa pia. Leo jumba la juu ni nyumba ya picha, na watu husimama safu kutazama picha ya Gustav Klimt iitwayo Busu. Katika ukumbi wake wa marumaru, tarehe 15 Mei 1955, Austria ilitia sahihi mkataba wa kurudishiwa uhuru wake na mataifa manne yaliyoikalia tangu mwaka 1945.

Kabla ya vita ya kwanza, jumba hilo la juu lilikuwa makao ya Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Kaisari. Yeye na mkewe Sophie waliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Mwezi mmoja baadaye dola yake ilitangaza vita juu ya Serbia, na mwezi wa Agosti risasi zilikuwa zikilia mpakani mwa Kenya na Tanganyika. Wakulima wa Nyanza, Ukambani na Kikuyu, ambao hawakupata kusikia jina la Sarajevo, walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na makumi ya maelfu wakafa kwa homa, kuhara na njaa. Majina ya Kariakoo, Nairobi na Dar es Salaam, yametokana na jeshi hilo la wapagazi.

Kuingia ndani ya Belvedere hulipiwa, lakini bustani iliyo kati ya majumba mawili ni bure. Inateremka polepole kuelekea mjini, ina mabwawa na sanamu, na wenyeji hukaa hapo adhuhuri wakila mkate wao. Kutoka juu mtu huona mapaa ya mji wa kale, na katikati yake mnara wa kanisa la Mtakatifu Stefano, ambamo Angelo Soliman alimwoa Magdalena.