Watoto wa Treni ya Kigoma

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtoto wa Tabora aliyefika darasa la nne alikuwa msafiri tayari. Likizo ya Juni ikikaribia tuliulizana shuleni nani anakwenda wapi: huyu Urambo kwa baba yake mdogo, yule Nzega, mwingine Shinyanga, mwingine Kigoma. Hatukuulizana nani atatupeleka. Wazazi walikuwa kazini, nauli ya mtu mzima kwenda na kurudi ilikuwa mzigo, na nyumbani kulikuwa na wadogo wasioachika. Basi mtoto alikatiwa tiketi ya nusu nauli, akapandishwa treni, akaenda.

Siku hizi wazazi wenzangu wakibishana kama mtoto mdogo aruhusiwe kusafiri peke yake, wengi wanaitaja enzi ile kama ushahidi kwamba hakuna ubaya. Nami nilikuwemo, na naona kinachosimuliwa ni nusu. Nataka kueleza safari zile zilivyokuwa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani. Tawi la Mwanza lilimalizika mwaka 1928, na tangu hapo mji wetu ukawa njia panda. Treni kutoka Dar es Salaam ilipoingia stesheni ilikatwa: mabehewa ya Kigoma yakafungiwa kichwa chake, ya Mwanza chake. Kwa msafiri mdogo hatari ya kwanza ilikuwa hapo. Ukikaa behewa lisilo lako, usingizi ukakupitia, unaamkia Shinyanga na huku bibi anakungoja Kigoma. Mama alinifundisha kuuliza watu watatu kabla ya kuketi: mkaguzi wa tiketi, mhudumu wa behewa, na mwanamke yeyote aliyekwisha kukaa. Majibu yakiwa mamoja, ndipo niweke begi chini.

Sikuanzia Kigoma. Nilianza kwa kutumwa dukani, kisha mashine ya kusaga, kisha kuvuka mji kumpelekea shangazi ujumbe na kurudi na jibu. Jibu ndilo lililoonyesha kwamba nimefika kweli. Baadaye nikapelekwa Urambo, mwendo wa saa chache tu, kwa baba mdogo aliyekuwa akilima tumbaku. Mara ya kwanza nilikwenda na kaka yangu. Mara ya pili kaka alikaa behewa la pili, akaagizwa asije nilipo mpaka tufike. Nilipokwisha kuizoea Urambo ndipo mama akasema sasa naweza kwenda kwa bibi, Ujiji.

Maandalizi yalianza wiki mbili kabla. Mama alikwenda posta kupeleka telegramu: mtoto anafika siku fulani asubuhi. Alingoja jibu, na lisipokuja safari iliahirishwa, hata kama nimekwisha kuwaaga rafiki zangu wote. Alinishonea mfuko kwa ndani ya gauni, akatia humo pesa kidogo na karatasi yenye jina langu, jina la bibi, mtaa wake Ujiji, na jina la mjomba atakayekuja stesheni. Nilikariri yote yaliyoandikwa mle, nikayasema mbele yake huku akipika, tena na tena, mpaka akaridhika. Mzigo wangu ulikuwa debe dogo la asali, maana mtu wa Tabora haendi Kigoma mikono mitupu. Kurudi nilibeba dagaa na mawese.

Usiku wa safari mama hakunipandisha behewa lolote tu. Alitembea kando ya treni akichungulia madirishani, akitafuta mtu. Siku moja namkumbuka akisimama mbele ya mama mmoja mtu mzima aliyejifunga kanga kichwani, na vikapu miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani, unafika Kigoma?"

"Nafika. Kwetu Mwandiga."

"Nina mwanangu huyu, anakwenda kwa bibi yake Ujiji. Mjomba wake atakuja kumpokea stesheni. Naomba unitazamie."

Yule mama hakukubali papo hapo. Alinitazama, akaniuliza naitwa nani, bibi anaitwa nani, anakaa mtaa gani. Akamuuliza mama mjomba yukoje, mrefu au mfupi, na asipokuja nifanywe nini. Mama akamjibu kila swali. Ndipo akasogea, akanipa nafasi ya dirishani. Kisha mama akaenda kumwambia mhudumu wa behewa, na treni ilipopiga honi nikamwona anazungumza na gadi. Watu watatu walinijua, nao walijuana kwamba wananijua. Hata kama mmoja wao angekuwa na nia mbaya, asingeweza kunishusha njiani bila wengine kuuliza nimekwenda wapi.

Ndani ya daraja la tatu usiku ulikuwa mrefu. Watu walilala wameegemeana, wengine chini kati ya viti, na harufu ilikuwa ya samaki, machungwa na jasho. Nilijifunza kuhesabu stesheni kwa masikio. Urambo ilijulikana kwa kelele za wauza karanga na mihogo, wakipita na vibatari chini ya madirisha. Kaliua treni ilikaa sana, kwa kuwa pale ndipo inapochepuka njia ya Mpanda. Nguruka walileta samaki wa mto Malagarasi. Uvinza, kwenye chumvi, kulianza kupambazuka, na wenyeji wa Kigoma wakaanza kunawa nyuso na kufunga mizigo. Mwisho kabisa ziwa likatokea, na stesheni ya Kigoma iliyo karibu na maji, na mjomba amesimama na baiskeli yake. Yule mama wa Mwandiga hakuniachia mkono mpaka mjomba alipotaja jina la mama yangu na jina la bibi.

Safari zile zilinipa vitu ambavyo sikuvipata darasani. Nilijua kutunza tiketi, kukataa chakula cha mtu nisiyemjua bila kumvunjia heshima, kumwamsha mtu mzima nikihitaji kwenda msalani, na kusema "sijui" nisipojua. Nilipomaliza la saba nikachaguliwa kwenda sekondari ya Msalato, Dodoma, nikapewa waranti ya treni kama wanafunzi wengine. Wapo wenzangu waliokuwa wanatoka kwao kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi na minne. Walilia njia nzima, na mmoja alikubali kumpa tiketi yake mtu asiyemjua kabisa kwa sababu tu alivaa suruali ya kaki. Tuliokwisha kupita kwenye treni ya Kigoma ndio tulioirudisha tiketi ile.

Upande wa mama niliujua nikiwa mtu mzima. Aliniambia hakuwahi kulala usiku wa safari zangu. Asubuhi alikwenda stesheni, akakaa benchi mpaka stesheni masta alipouliza kwa simu ya reli kama treni imefika Kigoma salama, na jioni akapita posta. Mtu aliyeniona dirishani angesema mtoto yule anasafiri peke yake. Ukweli ni kwamba mjini Tabora kulikuwa na mwanamke anayesafiri nami stesheni kwa stesheni.

Sasa nieleze ile nusu isiyosimuliwa.

Mwaka mmoja, nikirudi kutoka Kigoma, mkabala nami alikaa msichana wa umri wangu. Alikuwa na mwanamke aliyewaambia abiria kwamba huyo ni mtoto wa kaka yake. Yule mwanamke alipokwenda kununua chai, yule msichana aliniuliza Dar es Salaam ni baada ya stesheni ngapi. Nikamuuliza anakwenda kwa nani. Akasema anakwenda kwa watu, atafanya kazi ya kulea mtoto. Watu gani? Hakujua. Mtaa? Hakujua. Nikamuuliza shangazi yake anaitwa nani, akasema wamejuana juzi. Hakuwa na karatasi wala telegramu, na hakuna aliyemtangulia wala aliyekuwa benchini akimngoja. Mimi nilishuka Tabora, yeye akaendelea.

Tulikuwa watoto wawili wa umri mmoja, kwenye behewa moja, tiketi zetu za nusu nauli zikitobolewa na mkaguzi yuleyule. Kwa macho ya abiria mimi ndiye niliyekuwa peke yangu, na yeye ndiye aliyekuwa na mtu mzima. Mambo yalikuwa kinyume chake. Kila ninaposikia mtu anasema "sisi tulisafiri tukiwa wadogo na hatukupata neno," namkumbuka yeye. Wanaosema hivyo ni wale tuliofika. Wale ambao safari iliwameza hawapo kwenye mazungumzo yetu ili watubishie.

Nchi imejifunza polepole kuwaona watoto kama yeye. Mwaka 2008 Tanzania ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na mwaka uliofuata Sheria ya Mtoto ikamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18. Ipo pia namba ya bure, 116, ya kuripoti mtoto aliye hatarini. Lakini ziko safari ambazo mtu haonekani hata kwenye karatasi. Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, daraja la kwanza na la pili yalikuwa na orodha ya abiria. La tatu halikuwa nayo. Mamia ya watu walikufa, na familia zikabaki kuulizana zenyewe kwa zenyewe nani alipanda. Msiba ule ulinifundisha kwamba jina kuandikwa mahali ni ulinzi, na mtoto ndiye anayeuhitaji kuliko wote.

Leo ninaishi Dar es Salaam, na binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Ameomba Desemba aende Tabora kwa bibi yake, kwa basi, bila mimi. Baadhi ya jamaa wananiambia nisithubutu, dunia imeharibika. Wengine wanasema nimpe simu tu, atafika. Siridhiki na jibu lolote kati ya hayo.

Kumzuia kabisa ni kumwahirishia somo mpaka siku atakapolazimika kulipata bila mwalimu, akiwa bwenini au katika mji wa kigeni. Watoto wetu wa mjini wanachukuliwa na basi la shule mlangoni na kurudishwa mlangoni. Wengi wamefika darasa la saba hawajawahi kumuuliza mtu njia. Simu nayo inaishiwa chaji, inaibiwa, na haina mikono ya kumpokea mtu stendi. Pale kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, watu ni wengi, na wanaojitolea kumbebea mtoto begi ni wengi vilevile. Mtoto mwenye simu nzuri asiye na mwenyeji ana hali ileile ya yule msichana wa treni.

Kwa hiyo nimefanya kama mama. Tumeanza na daladala, kituo kimoja, kisha viwili, kisha kubadilisha gari. Amekwenda Morogoro na kurudi, mimi nimekaa siti za nyuma. Ananikariria majina na namba za simu tukiwa jikoni. Atasafiri mchana. Nitamkabidhi kwa mhudumu wa basi na kwa abiria mwanamke anayefika Tabora, mbele ya wote wawili, na dada yangu atakuwa stendi kabla ya basi kuingia. Dada yangu akipata dharura siku hiyo, safari haipo.

Mashirika mengi ya ndege yana utaratibu kwa watoto wa takriban miaka mitano hadi kumi na mmoja wanaosafiri bila mzazi: inajazwa fomu yenye jina la anayemleta na la atakayempokea, mtoto anakabidhiwa mhudumu, na kule anakofika haachiliwi mpaka mpokeaji aonyeshe kitambulisho. Nilipoisoma fomu ile mara ya kwanza niliona maswali ya yule mama wa Mwandiga, karibu yote. Mabasi na treni zetu zinaweza kufanya vivyo hivyo kwa karatasi moja na kalamu. Wasafiri wengi wa nchi hii, pamoja na watoto wao, wako barabarani na relini, na huko ndiko fomu hiyo inakotakiwa.

Umri nao una maana yake. Mtoto wa miaka sita simpandishi basi peke yake hata awe hodari vipi, kwa sababu hawezi kumkatalia mtu mzima anayemshika mkono. Kuanzia kumi au kumi na moja, aliyefunzwa hatua kwa hatua, naamini anaweza, ikiwa anayemtoa na anayempokea wanajulikana kwa majina na wote wawili wako macho. Kukikosekana mmoja wao, hata wa miaka kumi na sita yumo hatarini.

Wajibu huu hauishii kwa mzazi. Mimi nilifika Ujiji kwa sababu abiria nisiowajua waliona ni haki yao kuniuliza maswali. Basi nami nikikuta mtoto kwenye siti ya jirani, namsalimu, namuuliza anakwenda kwa nani na nani atampokea. Akiwa na mtu mzima, namuuliza na huyo mtu mzima, hata kama atanuna. Majibu yasipolingana namwita kondakta kwa sauti, napiga 116, na sishuki garini kabla hajajulikana mwenye mtoto huyo.